Pa Kukimbia na Pa Kukawia

Ndugu waandishi, walimu, na ninyi wanafunzi mliojibana kule nyuma, asanteni kwa kufika.

Swali linaloulizwa sana kwenye mikutano kama huu ni hili: makala ya maneno elfu moja huchukua muda gani? Tufanye hesabu. Mtu anayechapa kwa kasi ya kawaida, tuseme maneno 30 kwa dakika, atamaliza maneno 1,000 kwa dakika 33 na ushei. Hiyo ndiyo kazi ya vidole. Lakini makala ya urefu huo, yenye mambo ndani yake na inayosomeka bila msomaji kurudi nyuma kutafuta maana, kwa makadirio ya sisi tunaohariri huchukua kati ya saa 8 na 12, na hapo hatujaweka muda wa kukusanya habari. Vidole, basi, havina lawama. Saa nyingine zote zinakwenda wapi? Hilo ndilo la leo.

Najua kuna anayejisemea kimoyomoyo kwamba haraka haraka haina baraka. Mithali hiyo tumeimbishwa tangu darasa la kwanza, na kwa mwandishi ni kweli nusu. Ziko sehemu za kazi hii zinazotaka mbio, na anayejikongoja pale anapoteza siku bure. Miswada mibovu inayofika mezani kwa wahariri, mingi yake haikuandikwa kwa pupa. Mwenyewe alikawia, tena sana, ila alikawia pasipostahili. Alipofika panapostahili alikuwa ameshachoka na mswada umeshamkinai.

Pasipostahili ni wapi? Kwanza kabisa ni kwenye sentensi ya kwanza. Watu hukaa asubuhi nzima wakiifuta na kuiandika upya sentensi ya kufungulia makala ambayo haijakuwapo. Huwezi kujua mlango uwe na upana gani kabla ya kujua kitakachopita. Sentensi hiyo unayoipigania leo, mara nyingi itakatwa pamoja na aya yake nzima, kwa sababu aya ya kwanza ya rasimu huwa ni mwandishi anajipasha moto: anaeleza kwamba tangu zama za kale binadamu amekuwa akihitaji maji. Pengine sentensi yako halisi ya kufungulia imejificha aya ya tatu. Utaiona ukifika mwisho, na utaihamisha kwa sekunde mbili.

Pili ni kichwa cha habari. Tatu ni kupanga maandishi, aina ya herufi, ukubwa, nafasi za pembeni. Raha ya kazi isiyo kazi.

Rasimu ya kwanza iandikwe mbio. Kwa maneno 1,000, saa moja na nusu hadi mbili zinatosha, mkao mmoja ikiwezekana. Ila kabla ya kukaa, andika juu ya karatasi sentensi moja inayoanza "Nataka msomaji ajue kwamba", uimalize bila kuzidi maneno 25. Haitachapwa, ni ya kwako. Ukishindwa kuimalizia, ujue una mada, huna makala. "Elimu ya wasichana" ni mada, na juu yake unaweza kuandika hadi uzeeke. "Wasichana wengi wa kata hii huacha shule kidato cha pili kwa sababu bweni halina maji" ni jambo, na sasa unajua nani wa kumuuliza, nini cha kuhesabu na wapi pa kukomea.

Ukiwa katikati ya rasimu ukahitaji tarakimu au jina usilolikumbuka, usisimame kwenda kulitafuta. Andika XX, uendelee. Herufi hiyo haimo katika maneno yetu, kwa hiyo baadaye ukiiagiza kompyuta itafute XX itakuletea mapengo yako yote, wala haitakuletea kingine. Anayesimama kutafuta mwaka wa kuzaliwa wa mtu, nusu saa baadaye utamkuta anasoma matokeo ya mpira.

Na jambo dogo la kiufundi, maana linaharibu zaidi ya tunavyodhani: ukiandikia simu au kompyuta iliyowekewa kamusi ya Kiingereza, zima kabisa ule usahihishaji wa kujiendesha. Mashine haijui kama unaandika Kiswahili. Itabadilisha neno kimyakimya, na kwa kuwa neno lililoingia limeandikwa sawasawa kwa lugha yake, jicho linalipita. Ile mistari myekundu nayo, ikiwa chini ya kila neno, inakuzoesha kupuuza alama yoyote, hata siku ambayo umekosea kweli.

Haya. Rasimu ipo. Ina maneno 1,400 badala ya 1,000, na ni mbaya. Sasa tumefika mahali pa kukawia.

Tutazame sentensi moja kwa karibu. Nimeitunga kwa ajili ya leo, lakini ndugu zake mnawasoma kila siku:

"Zoezi la usambazaji wa vyandarua kwa wananchi lilifanyika katika hali ya kuridhisha ingawa kulikuwa na changamoto mbalimbali."

Kisarufi haina kosa. Upatanisho umekaa, tahajia safi, mwalimu wa lugha ataipitisha. Sasa tuiulize maswali. Nani alisambaza? Haimo. Vyandarua vingapi? Haimo. Wananchi wa wapi? Aliyeridhika ni nani, aliyetoa au aliyepokea? Changamoto gani? Sentensi ina maneno 17, na ukiyakamua yote unapata kitu kimoja tu: kuna vyandarua vilitolewa.

Mwandishi mwenye haraka atajaribu kuirekebisha kwa kubadilisha maneno. Ataweka "ugawaji" badala ya "usambazaji", ataweka "vikwazo" badala ya "changamoto", ataona imependeza. Haijabadilika chochote. Ili sentensi hii ipone, lazima mtu anyanyue simu. Ampigie mganga mfawidhi wa zahanati, amuulize. Akirudi mezani anaweza kuandika:

"Wahudumu wa afya waligawa vyandarua 640 katika vijiji vinne kati ya vitano vya kata hiyo. Cha tano hawakukifikia, kwa sababu mvua ilikuwa imelizoa daraja."

Angalieni kilichotokea. Maneno yameongezeka saba, lakini hakuna hata moja la bure. Kitenzi kimepata mwenyewe: wahudumu waligawa. Changamoto imekuwa daraja. Na ule ugumu uliomchelewesha mwandishi ulikuwa nje ya lugha: alikuwa hajui. Ukikuta sentensi imekataa kunyooka hata baada ya kuigeuza mara nne, acha kuigeuza, jiulize ni kitu gani hukijui kuhusu unachokiandika. Hapo ndipo saa nyingi za uandishi mzuri zinapozama, kwenye kurudi kuuliza, na ndiyo maana mtu anayetazama kwa mbali anamwona mwandishi hafanyi kitu.

Kuna njia ya kuzikamata sentensi za namna hiyo bila kutegemea kipaji. Chukua penseli, pigia mstari kila jina linaloanza kwa u- na kumalizikia na -ji: usambazaji, utekelezaji, uboreshaji, uimarishaji. Pigia mstari pia kila "kufanyika", kila "zoezi" lisilokuwa la shuleni au la viungo, kila "mbalimbali", na kila "katika kuhakikisha". Kisha rudi kwa kila ulichopigia mstari, ujaribu kukirudisha kuwa kitenzi chenye mtendaji. Si vyote vitarudi, na si vyote virudi. Uchumaji wa karafuu, kwa mfano, ni jina la kazi inayojulikana, uache. Lakini ukurasa mmoja wa ripoti ya kawaida unaweza kuwa na majina kumi na tano ya namna hiyo, na kumi yake yako pale kuficha aliyefanya, wakati mwingine kwa makusudi. Mwandishi wa ripoti anaweza kuwa na sababu zake. Wewe mwandishi wa makala huna.

Kiswahili kina mitego yake mwenyewe. Kiambishi a- hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke, na -m- vilevile. Katika mazungumzo hatupati shida, maana tunaonyesha kwa macho na kidole. Kwenye karatasi, tazama:

"Juma alimwambia Hamisi kwamba baba yake amemkataza kumpa baiskeli yake."

Baba wa nani? Aliyekatazwa ni nani? Apewe nani? Baiskeli ya nani? Sentensi ya maneno kumi, maswali manne. Aliyeiandika haoni hata moja, kwa kuwa yeye anawaona Juma na Hamisi kichwani mwake wamesimama mahali pao. Dawa ziko kadhaa. Iliyo karibu kabisa ni kumwacha mtu aseme mwenyewe: Juma alimwambia Hamisi, "Baba amenikataza kukupa baiskeli yangu." Nafsi ya kwanza na ya pili hazichanganyiki. Nadhani ndiyo sababu mojawapo ya ngano zetu kujaa maneno ya wahusika wenyewe; msimulizi mzuri hakutaka wasikilizaji wamkatize kuuliza nani kamwambia nani. Dawa ya pili ni kurudia jina bila haya; tuliambiwa shuleni kwamba kurudiarudia ni kasoro, tukaogopa kupita kiasi. Ya tatu ni kutumia cheo au udugu: mjomba, binamu, fundi, mwalimu. Hadithi yenye watu watatu wa nafsi moja kwenye chumba kimoja, ukimwita mmoja fundi na mwingine shangazi, nusu ya tabu imekwisha.

Nyakati nazo zinataka jicho. Msururu wa -li- peke yake, "alifika, alibisha hodi, aliingia, aliketi", unasikika kama maelezo ya shahidi kituo cha polisi. Lugha inatupa -ka- kwa kazi hiyo: alifika, akabisha hodi, akaingia, akaketi. Lakini -ka- nayo ukiiachia ikimbie aya nzima, msomaji anapotea, hajui tukio moja linakwisha wapi na jingine linaanzia wapi. Kanuni tunayowapa waandishi ni nyepesi: pakibadilika mahali au saa, rudi kwenye -li-, kisha anza mnyororo mpya wa -ka-. Pitia hadithi yako ukitafuta hilo tu, usitafute kingine. Kwa kurasa kumi ni kazi ya saa nzima, na hadithi inatoka imepumua.

Kosa la "ambao" linajulikana, ila bado linatushinda: "watu ambao wanaokaa mabondeni". "Ambao" ni rejeshi, na ile -o- ya "wanaokaa" ni rejeshi pia; moja inatosha. Ama "watu wanaokaa mabondeni", ama "watu ambao wanakaa mabondeni". Ile fupi ni bora karibu kila mara. Mahali ambapo amba- ina haki yake ni pale penye -me-, kwa sababu -me- haikubali kubeba rejeshi ndani yake, hatusemi "ameyefika". Tunasema aliyefika, au, tukiihitaji ile -me- kwa maana yake, mtu ambaye amefika.

Na kiunganishi "na" kikikaa baada ya kitenzi cha kutendwa kinazua balaa lake. "Mkutano ulifunguliwa na mkuu wa wilaya na wazee wa kijiji walihutubia." Msomaji anafika "wazee wa kijiji" akiamini nao wamefungua mkutano, kisha "walihutubia" inamkwaza, anarudi. Mrudishie mtenda mahali pake: mkuu wa wilaya aliufungua mkutano, kisha wazee wa kijiji wakahutubia. Makwazo madogo kama hayo, ishirini kwenye ukurasa, ndiyo yanayomfanya msomaji aseme "kimeandikwa vizuri lakini kinachosha". Hawezi kukuonyesha penyewe. Ni kazi yako kupatafuta.

Sasa tuingie kwa washairi, maana hao ndio mabingwa wa kukawia na wana somo kwa sisi wa nathari.

Chukua tarbia ya kawaida: mishororo minne, kila mmoja mizani 16, yaani silabi 16, umegawanywa ukwapi, nusu ya mwanzo, wa mizani 8 na utao, nusu ya mwisho, wa mizani 8, vina vya kati na vya mwisho. Tunataka mshororo unaosema kwamba kuandika hakutaki haraka. La kwanza linalokuja ni "Kuandika si kukimbia". Hesabu: ku-a-ndi-ka si ku-ki-mbi-a. Tisa, imezidi moja. "Kuandika si mbio": saba, imepungua moja. Mwanafunzi atasema "Kuandika sio mbio", nane kamili, na ataendelea mbele. Mizani imetimia, lakini hiyo "sio" imeingizwa kuziba pengo, na msikilizaji mwenye sikio ataisikia imeziba pengo. Washairi wana ruhusa zao, inkisari ya kufupisha neno na mazida ya kulirefusha. Hata hivyo ruhusa ikitumika kila mshororo inageuka udhaifu. Endelea kutafuta. "Kalamu haina mbio": ka-la-mu ha-i-na mbi-o. Nane, na hakuna kilichobanwa wala kuvutwa. Hata picha imekuwa bora, kwani sasa kuna kitu kinachoonekana. Utao: "hutembea kwa makini", hu-te-mbe-a kwa ma-ki-ni, nane. Mshororo mmoja umepatikana:

Kalamu haina mbio, hutembea kwa makini.

Sitauita mkubwa. Umesimama tu.

Wanaojikwaa kwenye mizani hujikwaa sana kwa herufi m na n. Mvua ni mizani miwili, mvu-a, lakini mvuvi ni mitatu, m-vu-vi, kwa kuwa ile m ya mvuvi ni kiambishi cha mtu na inajisimamia yenyewe. Mbuzi ni miwili, mbu-zi. Mbwa pia miwili, m-bwa. Ndege ni miwili, nchi miwili, n-chi. Anayehesabu kwa macho atakosea. Gonga meza kwa kidole ukisoma, usiitazame karatasi.

Halafu kina. Tumeanza na mbio, kwa hiyo ukwapi wa mishororo inayofuata unatakiwa uishie na silabi -o. Leo, nguo, cheo, kioo zinaruhusiwa, ila sikio hupendezwa zaidi mbio ikikaa na kilio, tukio, kimbilio, ambazo hata irabu ya kabla inafanana. Na mtego ni hapa: ukilishika neno "kilio" kwa sababu ya kina, linakuvuta. Unajikuta mshororo wa pili una mtu analia. Hukukusudia mtu alie. Ubeti ulikuwa unahusu kalamu. Beti nyingi mbaya zimezaliwa hivyo, kina kikamkokota mshairi kama mbuzi wa sikukuu. Wanaojua huandaa ghala kwanza: andika maneno ishirini ya kina hicho pembeni, futa yote yanayotoka nje ya jambo lako, hesabu yaliyobaki. Yakiwa chini ya sita, badilisha kina kabla hujatunga mshororo wa pili, maana ukishatunga miwili utaionea huruma.

Sasa fikirini utenzi. Mwana Kupona alitunga ule wosia wake kwa binti yake mwaka 1858, una beti zaidi ya 100, kila ubeti vipande vinne vya mizani minane. Ukichukua beti 100 tu ni mizani 3,200. Vipande vitatu vya kila ubeti vinakubaliana kina, na cha nne kinarudi kwenye kina kilekile kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Pamoja na hayo yote, mama anasikika anazungumza na mwanawe. Ugumu umefichwa wote. Ndiyo maana wanaojaribu utenzi kwa mara ya kwanza hudhani ni rahisi.

Nirudi kwenye nathari na kwenye mpango wa kazi, kwa kuwa najua mnataka kitu cha kwenda nacho nyumbani.

Rasimu ikimalizika, ilaze. Makala fupi, usiku mmoja ndio mdogo kabisa. Sura ya kitabu, wiki. Sababu yake ni kwamba ubongo uliotoka kuandika hausomi kilichopo, unasoma ulichokusudia. Neno lililorukwa unalijazia mwenyewe bila kujua. Ukikosa usiku, angalau badilisha sura ya maandishi: yachapishe kwenye karatasi, au badilisha herufi na ukubwa, yaonekane ya mtu mwingine.

Kisha upitie kwa zamu, kila zamu jambo moja. Zamu ya kwanza usisahihishe kitu. Pembeni mwa kila aya andika, kwa maneno yasiyozidi matano, aya hiyo inafanya nini. Aya mbili zikipata maelezo sawa, moja iondoke. Aya ikikosa maelezo, haisemi kitu. Ukiyasoma yale maelezo ya pembeni peke yake kutoka juu hadi chini, utaona pia kama mpangilio unakwenda au unarukaruka. Zamu ya pili ni kukata na kuhamisha. Vilivyokatwa vihifadhi kwenye faili lake. Utakata kwa moyo mweupe ukijua havijafa. Zamu ya tatu ndiyo ile ya penseli, sentensi kwa sentensi, na ndiyo ndefu kuliko zote: saa nne au tano kwa maneno 1,000. Tahajia na alama ziwe mwisho kabisa. Watu huanza nazo kwa sababu ni nyepesi, wakapiga msasa aya ambayo kesho yake wataifuta.

Kabla ya tahajia, soma kwa sauti. Si kunong'ona, sauti. Gustave Flaubert, Mfaransa aliyejulikana kwa kukawia, alifanya hivyo nyumbani kwake Croisset, akisoma sentensi zake kwa nguvu. Riwaya moja, Madame Bovary, ilimchukua kuanzia 1851 hadi 1856. Kwa Kiswahili sikio lina faida ya ziada. Linakamata ule mlolongo wa "kwa ajili ya utekelezaji wa mpango wa uboreshaji wa huduma za", ambao jicho limeuzoea. Viunganifu vya wa, ya, za vikifika vitatu mfululizo, ulimi unaanza kuteleza. Weka alama pale ulipokwama, endelea kusoma, usirekebishe papo hapo. Ukirekebisha unapoteza mwendo na hutasikia kosa linalofuata. Ukipata mtu wa kukusomea wewe ukisikiliza, bora zaidi. Yeye hajui ulikusudia nini, kwa hiyo atakwama pale hasa msomaji atakapokwama.

Kuna wanaodhani kikishachapwa kimekwisha. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar mwaka 1963. Mwaka 1969 ikatoka tena, ameipitia upya, hata jina limebadilika kuwa Juliasi Kaizari. Alikuwa Rais wa nchi. Nadhani anayesema hana nafasi ya kuipitia rasimu ya pili ya makala yake atafute sababu nyingine.

Lakini kusahihisha nako kuna mwisho, na wako wanaoharibu kwa kuzidisha. Dalili iko wazi: jana ulibadilisha "nyumba" ukaweka "makazi", leo unarudisha "nyumba". Ukijiona unafanya hivyo mara tatu kwenye ukurasa, umemaliza, peleka. Dalili nyingine ni sentensi kuanza kufanana urefu zote, maneno 12, maneno 12, maneno 13. Umezilainisha hadi zimelala.

Na wale wa magazeti mliomo humu, najua mnanicheka. Habari tatu kwa siku, mhariri anataka kabla ya saa kumi, saa 12 za kazi kwa makala moja mtazitoa wapi? Hamtazitoa. Kwa habari ya maneno 300 yenye nusu saa ya kusahihisha, fanyeni mambo mawili muache mengine: hakikisheni majina na tarakimu zote dhidi ya daftari, kisha tafuteni mtendaji wa kila kitenzi. Kutokwenda sawa kwa aya msomaji atasamehe. Jina la marehemu likikosewa, familia haisamehi.

Karatasi zinazogawiwa sasa zina aya hii moja, nimeitunga ikiwa na karibu kila ugonjwa tuliotaja:

"Zoezi la upandaji wa miti lilifanyika katika shule mbalimbali na walimu na wanafunzi walishiriki kikamilifu. Mwalimu mkuu alimwambia mwenyekiti kwamba miche yake ambayo iliyobaki itapelekwa kwake na alifurahi na aliondoka."

Chukueni penseli. Msianze kuandika upya. Kwanza pigieni mistari. Yako mambo yasiyopungua matatu ambayo hakuna kalamu itakayoyarekebisha mpaka aliyeandika aulizwe. Hayo yaandikeni pembeni kama maswali, na kando ya kila swali muandike mngempigia nani simu. Tuna dakika 20 kabla ya chai.